Julai wageni hawapo

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa kando ya kinamasi kimoja huku Ruai, Nairobi, viatu vimelowa umande, darubini shingoni. Unasimama mahali pamoja dakika kumi, kimya, unaandika kila ndege unayemwona au kumsikia, kisha unasogea mbele na kuanza upya. Kwarara watatu walipita na kelele zao. Keremkerem mmoja akatua kwenye waya wa ua, nyuki mdomoni, akamgonga na kumsugua pale pale mpaka mwiba ukatoka, ndipo akammeza.

Hapa kuna mpango wa kujenga magorofa. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira niliyoonyeshwa inasema ndege ni wachache. Nikatazama tarehe walizohesabu: siku mbili, Julai! Jamani, Julai mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya wako kwao wanalea makinda. Huku wanaanza kufika Septemba na Oktoba, na kufikia Aprili wengi wanarudi. Ni kama kuhesabu watu wa nyumba wakiwa wamesafiri.

Iliniuma sana. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini kabla ya ujenzi, na sisi wananchi tuna haki ya kutoa maoni. Kwa hiyo nimeanza kuhesabu mwenyewe kila mwezi, masika na kiangazi, na yote yataingia kwenye barua yangu ya maoni. Mnaokaa karibu na mabwawa na mito hapa Nairobi, mkiona mnana wanasuka viota kwenye matete, andikeni tarehe na mahali, mniwekee hapa chini.