Karakana ilipokosa oda Malindi: nilivyodai malipo ya kupunguzwa kazi

Karakana niliyoitumikia miaka 8 na miezi 10 hapa Malindi ilitengeneza vitanda vya samadari, makabati na viti vya hoteli. Hoteli zikaanza kununua samani za ng'ambo, zinazoshushwa kwa kontena Mombasa zikiwa vipande ndani ya maboksi, na oda zetu zikakatika. Hatukuwa na kosa. Hali hiyo ina jina katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40: kupunguzwa kazi. Aliyepunguzwa ana malipo yake. Aliyeridhika kuambiwa "kazi imeisha" kwa mdomo mara nyingi huondoka mikono mitupu.

Mtego wa kwanza hapa pwani ni msimu. Tumezoea wageni kupungua baada ya Pasaka, fundi anakaa nyumbani mpaka aitwe. Kwa hiyo tukiambiwa "subirini msimu" tunasubiri, mwaka wa kwanza, wa pili, na muda wa kudai ni miaka 3 tu tangu ajira ilipokoma. Niliandika barua ya mistari minne nikiuliza: je, nimepunguzwa kazi, au niko likizo, na kama ni likizo narudi tarehe ngapi? Nilipeleka nakala mbili, moja ikabaki ofisini, nyingine nikagongewa muhuri na tarehe. Jibu lilikuja kwa maandishi. Mwajiri anatakiwa kumpa notisi ya maandishi fundi asiye mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na kumwarifu pia afisa wa kazi wa serikali.

Hesabu yenyewe haihitaji wakili. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 26,000 kwa mwezi. Sheria inadai notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, yaani 26,000. Inadai pia kiinua mgongo, yaani siku 15 za malipo kwa kila mwaka uliokamilika. Ile miezi 10 haihesabiki, inabaki miaka 8. Mwisho ni likizo ambayo hujaenda: mimi nilikuwa na siku 21.

Tulitofautiana kwenye siku moja ni shilingi ngapi. Mwajiri aligawanya mshahara wa mwezi kwa siku 30, akapata kiinua mgongo cha 104,000 na likizo 18,200. Nikagawanya kwa 26, yaani siku za kazi za mwezi: siku ni 1,000, kiinua mgongo 120,000, likizo 21,000. Tofauti ni shilingi 18,800, si kidogo kwa mtu asiye na kazi. Kilichomaliza ubishi ni hati moja ya mshahara ya mwezi niliokosa siku moja, ambayo imeandikwa "kutohudhuria siku 1: 1,000". Yeye mwenyewe alikuwa akigawanya kwa 26 anapokata, basi agawanye kwa 26 anapolipa. Tafuteni hati ya namna hiyo kabla ya kubishana kwa maneno.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa idadi ya miaka. Mkataba wangu wa maandishi ulikuwa wa miaka 3 tu, miaka ya nyuma niliitwa kibarua na kulipwa kwa M-Pesa. Lakini kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja anahesabiwa kama mwajiriwa wa kawaida. Nilichapisha taarifa za M-Pesa nikapigia mstari kila malipo yaliyotoka namba ya karakana, mwezi baada ya mwezi, bila pengo. Nikaambatisha taarifa ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Hii ya NSSF iombeni mapema, maana mkikuta mwezi mtupu huku hati ya mshahara inaonyesha mmekatwa, hilo ni dai jingine. Ila msiitegemee kwa chakula cha mwezi ujao: fedha zile hutolewa ukifika miaka 60, au 50 ukiwa umeacha ajira.

Nilipeleka faili ofisi ya kazi, afisa akaita pande zote mbili. Huduma hiyo ni ya bure. Angalizo: usuluhishi pale hausimamishi ile miaka 3 ya kudai. Ukiona vikao vinaahirishwa, fungua kesi. Kwa mshahara usiozidi 80,000 mahakama ya hakimu inatosha.

Kabla ya kulipwa nililetewa karatasi iliyosema nimepokea haki zangu zote na sitadai tena, huku nafasi ya kiasi ikiwa tupu. Usisaini kiasi kikiwa hakijaandikwa. Soma pia sababu ya kuondoka: neno "kujiuzulu" likiingia hapo, kiinua mgongo kinapotea. Nilikata neno hilo, tukaandika "kupunguzwa kazi", tukasaini wote pembeni.

Wenzetu wa Marekani walikuwa na mpango wa serikali kwa wanaopoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje, tangu 1962: wafanyakazi watatu waliweza kupeleka ombi wizara ya kazi, na likikubaliwa walilipiwa mafunzo na posho ya kila wiki. Bunge lao halikuongeza muda, na tangu 1 Julai 2022 vikundi vipya haviidhinishwi. Sisi mfuko kama huo hatuna, mlipaji ni mwajiri, na inaniuma kwamba fundi wa mbao hana mfuko wa kukimbilia karakana ikifilisika kabisa.

Jambo la mwisho nililodai ni cheti cha utumishi, ambacho kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo ana haki nacho. Hakikisheni kinataja tarehe zote mbili na kazi halisi. Changu kiliandikwa "msaidizi", nikakirudisha kikaandikwa "fundi seremala". Nilikwenda nacho kujiandikisha kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, daraja la III, kwa sababu mwenye hoteli anayetafuta fundi wa kukarabati samani hizohizo za maboksi huuliza karatasi kwanza.