Napoli, Mji Ambao Mwanga Wake Hushuka kutoka Juu

Kuvuka barabara Napoli, mji wa kusini mwa Italia, kuna adabu yake. Usimsubiri dereva asimame. Unaanza kutembea bila kubadili hatua, unamtazama usoni, naye atapunguza mwendo au atakupitia nyuma. Ukisita katikati ndipo hatari inapoanza. Nilijifunza hayo Piazza Garibaldi, mbele ya stesheni kuu, kamera begani, kati ya honi, pikipiki zilizopakia mshikaki na wauza miavuli waliokuwa wakiita wateja kabla mvua haijanyesha.

Kutoka hapo niliingia mji mkongwe kwa miguu. Wagiriki waliupanga karne ya tano kabla ya Kristo: barabara tatu ndefu zinazokatwa na vichochoro vyembamba. Mpango huo bado unatumika, na watu wananunua vitunguu na betri za simu kwenye njia zilezile. Barabara ya kusini kati ya hizo tatu ndiyo Spaccanapoli. Ukipanda ngazi za Pedamentina hadi San Martino, kilimani, unaiona ilivyoupasua mji, imenyooka bila kona.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimekulia kwenye vichochoro ambavyo wageni huja kuvipiga picha, na milango yetu ya nakshi, na kina mama wa buibui wakipita, na wazee wetu barazani. Wengi wa wageni hao hawasalimu. Kwa hiyo niliingia Napoli na shauri moja: sielekezi kamera kwenye mlango wa mtu kabla ya kumsalimu. Picha nyingi za mji huu nilizowahi kuziona ni za nguo zilizoanikwa, takataka na kuta zilizobambuka, kana kwamba watu wapatao laki tisa wanaishi pale ili wawe pambo la umaskini. Jambo hilo linaniuma, maana nalijua kutoka upande wa pili wa lenzi.

Kwa mpigapicha, habari kubwa ya Napoli ni mwanga. Nyumba zina ghorofa tano au sita, kichochoro kina upana wa hatua chache, na jua huingia kwa muda mfupi tu, adhuhuri, kama utepe unaotambaa ukutani kisha ukapotea. Chini kumetandazwa mawe meusi ya lava ya Vesuvio, volkeno iliyo jirani, mawe ambayo yakiwa makavu huumeza mwanga na yakilowa huurudisha. Nilipima mwanga pale penye jua tu, nikaacha vivuli viwe vyeusi, nikasimama mahali pamoja. Katika mji wenye fujo namna hii, kukimbilia picha ni kazi bure. Picha zenyewe hukujia. Alipita mtoto na mpira, akapita padri, akapita kijana wa mkahawa na trei ya vikombe juu ya vichwa vya umati, na kila mmoja aliwaka kwa nukta moja alipovuka ule mwanga. Aliyetikisa kichwa kukataa nilimwacha apite.

Mchoraji Caravaggio aliuona mwanga huo kabla kamera haijabuniwa. Alifika Napoli mwaka 1606 akiwa mkimbizi kutoka Roma, alikoua mtu katika ugomvi. Pio Monte della Misericordia, jumuiya ya sadaka iliyoanzishwa mwaka 1602 na vijana saba wa koo bora, ikampa kazi. Mchoro aliowafanyia, Matendo Saba ya Huruma, ungali juu ya altare kuu ya kanisa lao, Via dei Tribunali, nao una kimo cha karibu mita nne. Matendo yote ameyabana katika kichochoro kimoja cha usiku. Mwanamke anamnyonyesha mzee aliyefungwa, kupitia nondo za gereza. Maiti inatolewa, na tunachokiona ni nyayo zake tu. Kijana anakata joho lake amgawie maskini aliye uchi. Juu yao malaika wamekumbatiana, nusura waanguke. Nilikaa mbele ya mchoro huo muda mrefu kuliko mahali pengine popote Napoli. Nilipotoka, mtaa ulikuwa vilevile: mwanga mmoja, watu kumi, kila mtu na haja yake, na hakuna aliyekuwa peke yake.

Katika kanisa dogo la Cappella Sansevero kupiga picha hakuruhusiwi, nami nafurahi. Mbele ya sanamu ya Kristo mwenye utaji, iliyochongwa na Giuseppe Sanmartino mwaka 1753, unaona mishipa ya paji la uso chini ya kitambaa, na kitambaa chenyewe ni marumaru.

Siku niliyopita karibu na Chuo Kikuu cha L'Orientale nilikuwa nikizungumza kwa simu na nyumbani. Kijana wa Kitaliano akasimama, akangoja nimalize, kisha akasema, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba huku nikicheka kwa furaha. Kiswahili kinafundishwa hapo, na ndipo Elena Bertoncini Zúbková, anayefahamika na kila aliyesoma uhakiki wa fasihi yetu, alipofundisha kwa miaka mingi.

Lakini moyo wangu ulibaki Quartieri Spagnoli, mitaa iliyojengwa karne ya 16 kwa ajili ya askari wa Hispania. Huko bado watu wanaishi kwenye bassi, vyumba vya chini ambavyo mlango wake unafungukia njiani na ndio dirisha lake pia. Mama mmoja alikuwa akimenya njegere mlangoni. Juu yake jirani wa ghorofa ya tatu alikuwa ameteremsha kikapu kwa kamba, na mwenye duka akatia mkate na chenji.

"Buongiorno, signora," nilisema, nikamwonyesha kamera. Akauliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya, pwani. Bahari yenu ina pweza? Nikamwambia tele. Hapo akanivutia kiti.

Ukutani alikuwa na picha ya San Gennaro, somo wa mji, na pembeni yake Diego Maradona, aliyefika mwaka 1984 na kuipa Napoli ubingwa wake wa kwanza wa Italia mwaka 1987. Chini yao ilikuwa picha ya mama mzazi wa mwenyeji wangu. Akiwa binti, huyo mama alilala chini ya ardhi wakati wa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, kwenye mahandaki ambayo Wagiriki walianza kuyachimba ili kupata mawe ya kujengea. Mwishoni mwa Septemba 1943, mji ukainuka dhidi ya Wajerumani kwa siku nne, na majeshi ya Washirika yalipoingia tarehe 1 Oktoba yalikuta wameshaondoka. Mwenyeji wangu alisimulia hayo njegere zikiendelea kudondoka bakulini, nami nikampiga picha mikono ikifanya kazi, utepe wa jua ukiwa umefika kwenye magoti yake.

Niliisafisha picha hiyo kwenye duka moja, nikampelekea. Aliitazama sana, akawaita majirani, nao wakabishana kwa sauti kubwa. Kisha akanirudishia. Nywele hazikukaa vizuri, alisema, ningoje. Akaingia ndani, akatoka na rangi ya mdomo na hereni za dhahabu, akasogeza kiti mwenyewe mpaka penye jua, akamfukuza kijana wa pikipiki aliyeziba mwanga, akaniamuru nianze.