Siku Tuliyotia Sukari Ziwani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi

Mimi ni fundi wa simu hapa Kisumu, na simu yangu mwenyewe ni mulika mwizi ya kubonyeza, imefungwa kwa mpira wa pesa. Wateja hunicheka. Huwaambia kinyozi hajinyoi, kisha nawaomba wakae.

Huku Nyalenda siku huanza na pikipiki kabla ya jogoo. Tulikuwa tukinywa chai, binti yangu wa miaka sita anachovya mkate, mama yake anakwangua mkebe wa sukari kwa kijiko. Mtoto akaangalia kikombe chake kwa muda, akauliza: "Baba, kama ziwa lote lingekuwa chai, tungetia sukari ngapi?"

"Nyingi," nikasema.

"Ngapi?"

Mama yake akamwambia avae viatu, gari la shule halingoji mtu. Mimi likanikaa kichwani.

Saa mbili

Kibanda changu kiko karibu na soko la Jubilee, upana wake meza moja na mapaja mawili. Kazi ya kwanza ilikuwa tundu la chaji lililojaa vumbi la mfukoni. Nilichokonoa kwa sindano, nikapuliza, ikashika chaji. Dakika nne, shilingi mia. Nyingine mbili zilikuwa za kioo, hizo sina la kusimulia.

Mama Chapati, jirani yangu, alipoleta chai nikampa swali la mtoto. Nilidhani atacheka. Akaweka birika chini.

"Wewe fundi unaanza na sukari? Sukari ni ya mwisho. Jiko liko wapi? Sufuria ni nani atashika? Na maziwa je, ama mnataka kunywa strungi ya nchi tatu?"

Akaenda zake akiwa amekasirika kabisa, kana kwamba nimeweka oda.

Saa nne

Akaja mvuvi wa omena kutoka Dunga. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na usiku huo alipoinama kurekebisha taa, simu ikamponyoka kutoka mfuko wa shati. Aliipata mtumbuini, kwenye maji ya sakafuni. Alikuwa ameileta ndani ya mfuko wa mchele. Mchele wa pishori, wa kunukia.

Hapa lazima niseme kitu, maana nimechoka. Mchele haukaushi simu. Maji yaliyo chini ya vyuma vya bodi hayana habari na mchele wako. Yanayoharibu simu ni umeme kupita mahali pamelowa: kutu inaanza hapo hapo, ya kijani, na kila saa unayongoja inatafuna zaidi. Na mchele unaacha unga kwenye tundu la chaji. Simu ikilowa izime, toa betri kama inatoka, usijaribu kuichaji "kuona kama imepona", ilete kwa fundi. Mchele upike.

Nikaifungua, nikatoa betri, nikasugua bodi kwa mswaki na spiriti. Ilikuwa mulika mwizi kama yangu, tena inatumia betri ile ile ya BL-5C. Nikampa mvuvi swali langu ili asinisimamie kichwani.

Akawaza. "Omera, samaki watakufa."

"Tuseme hawafi."

"Basi samaki watakuwa watamu. Mbuta wa sukari nani atanunua?"

Hapo nikatambua kwamba jambo hili linanihusu mimi kuliko yeye. Simu iliyoanguka kwenye maji matupu nina nafasi ya kuiokoa. Iliyomwagikiwa chai ya sukari ni msiba. Maji yanakauka na kwenda, sukari inabaki, inanata chini ya vibonyezo na inaziba spika, spiriti yenyewe inaisogeza tu. Nusu ya mji huu ungekuwa kwangu Jumatatu asubuhi, na nusu ya hao ningewaambia pole.

Saa sita

Mwalimu mstaafu wa hisabati alileta simu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui. Nilimsimulia kwa mzaha. Hakucheka. Alitoa kalamu, akaomba karatasi, nikampa bahasha.

Ziwa Viktoria, akasema, ni kama kilomita za mraba 68,800. Kina chake kwa wastani ni mita 40. Zidisha, unapata karibu kilomita za ujazo 2,750. Kila moja ni lita trilioni moja. Kisha akaniangalia juu ya miwani: "Vijiko vingapi kwa kikombe?"

"Viwili."

"Wewe una sukari ya kuchezea." Lakini akaandika: gramu 10 kwa robo lita, gramu 40 kwa lita.

Nilijaribu kufuata kwenye kikokotoo cha simu yangu, ikaandika kwamba kuna kosa. Namba haikuenea. Mwalimu alifanya kwa mkono, akikata sifuri kama anavyokata mtu nyasi, akafika: tani bilioni 110. Dunia nzima hutengeneza sukari tani kama milioni 180 kwa mwaka. Kwa hiyo miwa yote ya Brazil na India na Muhoroni na Chemelil, bila mtu yeyote kulamba hata punje, kwa miaka zaidi ya 600.

Tulinyamaza kidogo.

"Lakini sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu ya ziwa," akaongeza, na nikaona amefarijika. "Tukigawana kwa eneo, sisi ni tani bilioni 6.6. Waganda na Watanzania watafute yao."

Saa nane

Stima ikapotea. Si ajabu. Kibanda kikakaa kimya, hita ikapoa, na watu waliokuwa wakingoja simu zao wakabaki kwenye benchi bila la kuangalia. Hapo ndipo mjadala ulipopamba moto, kwa sababu Mama Chapati alisikia hesabu zimefanywa na jiko halijatajwa.

Mwalimu akakubali kosa. Maji ya ziwa tuseme yana nyuzi 25. Hapa Kisumu tuko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,100, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. "Tumeokoa nyuzi nne," akasema, na dereva wa tuktuk akapiga makofi. Hata hivyo, akasema, ukichukua mafuta, makaa, gesi na stima yote inayotumiwa duniani kwa mwaka mzima, chai haichemki.

"Na stima yenyewe imepotea," akasema Mama Chapati.

Kijana mmoja aliuliza akili unde kwenye simu yake. Ikajibu aya saba: kwamba swali ni la kuvutia, kwamba ziwa ni chanzo muhimu cha maji, kwamba sukari nyingi si nzuri kwa afya. Hesabu haikufanya. Mwalimu akafurahi siku nzima.

La maziwa halikuisha. Ukiongeza maziwa ziwa linajaa, likijaa linatokea Jinja na kuingia Nile, na dereva wa tuktuk hakutaka kabisa Misri wanywe chai yetu bila kuchanga. Akaambiwa itafika Khartoum imeshapoa. Hilo likamtuliza.

Saa kumi na nusu

Stima ilirudi. Mvuvi naye akarudi, akiangalia mawingu yaliyokuwa yanakusanyika upande wa milima ya Nandi. Bodi yake ilikuwa imekauka, lakini betri sikuiamini, nikachomoa yangu na kujaribu nayo. Mwanga ukawaka. Mlio ule wa kuwasha simu, mtu mzima akatabasamu kama mtoto. Akapiga nyumbani, akaongea Kijaluo kwa sauti ya kuvuka ziwa bila simu. Akanilipa shilingi mia tatu na mfuko wa omena, mvua ikaanza matone makubwa, kila mtu akakimbia. Nilifunika meza kwa turubai.

Saa moja usiku

Nilifika nyumbani nimelowa, omena mkononi, jibu kichwani. Nikamwita binti yangu, nikamwambia taratibu: tani bilioni mia moja na kumi. Akaniuliza ni magunia mangapi. Nikamwambia yale ya kilo hamsini, ishirini kwa tani. Akaridhika, ingawa hajui hata moja lina uzito gani.

Mama yake alikuwa ameweka chai mezani. Nikaonja. Chungu.

"Nilikutumia meseji saa kumi na moja ulete sukari," akasema. "Na nikapiga mara tatu."

Nikatoa simu mfukoni. Ilikuwa nyepesi. Nikavua ule mpira, nikafungua nyuma: betri yangu ilikuwa imekwenda Dunga, na muda huo pengine imeshapanda mtumbwi.