Friji ikikutekenya usivae ndala, ita fundi

Jamani hii habari ya kuvaa ndala kabla ya kufungua friji leo naomba tuiongelee, mana naona mtaani imeshakuwa kawaida kabisa. Mgeni akija anaambiwa vaa ndala hapo, hiyo friji inapiga shoti kidogo. Mtoto anafundishwa ashike mlango kwa kitambaa. Mwenye nyumba akiambiwa anajibu mbona sie tumeishi nayo miaka yote na hakuna aliyekufa. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, na shoti inayokutekenya leo ukiwa na ndala kwenye sakafu kavu ni hiyohiyo itakayokukuta kesho umetoka kuoga, miguu imelowa, unatafuta maji ya kunywa.

Mi nawawaza zaidi wanaouza barafu. Mama mdogo wangu anakaa Tandika, ana friza lake barazani anauza barafu na juisi ya ukwaju, na wateja wake wengi ni watoto, wanatoka kucheza wanakuja pekupeku, mikono imelowa jasho au maji ya bomba, mmoja ananunua wenzie watatu wameegemea friza wanasubiri. Na lile friza lilikuwa linatekenya. Mwenyewe halimsumbui kwa sababu muda wote ana ndala miguuni. Tukaita fundi umeme, akazima mein swichi, akafungua soketi, tukakuta waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, umekunjwa kwa nyuma umezungushiwa selotepu na haujafungwa popote. Akatoka nje mpaka kwenye ile rodi iliyopigwa chini pembeni ya ukuta, klampu imeliwa na kutu mpaka imeachia, waya unaning'inia tu. Yaani nyumba nzima yenye vyumba vya wapangaji, tundu la tatu kwenye kila soketi lilikuwa pambo.

Sasa kwa nini ethi ni muhimu hivyo. Bodi la friji ni la chuma, na kwenye plagi limeunganishwa na ile pini kubwa ya juu. Umeme ukivuja ndani, labda waya umechubuka, panya kang'ata, au unyevu umeingia kwenye kompresa, unatakiwa upite kwenye ule waya wa kijani uende ardhini. Kama waya haupo, bodi zima linabaki na umeme linasubiri mtu wa kuupitisha, na huyo mtu ni wewe. Hata friji mpya kabisa ya inveta, au hata kompyuta, inaweza kukutekenya kwenye nyumba isiyo na ethi, kwaiyo usikimbilie kuuza friji, tatizo linaweza kuwa ukutani. Kwa kugusa huwezi kujua ni lipi kati ya hayo, mpaka fundi apime.

Kuna wanaosema kama ingekuwa hatari saketi breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ingekata. Hapana, saketi breka kazi yake ni kulinda waya usiungue. Ya soketi kwa kawaida ni ya ampia 20 au 32, wakati moyo wa mtu unaweza kusimama kwa sehemu ya kumi tu ya ampia moja, na hata chini ya hapo. Kwa hesabu hiyo utakufa na breka iko juu vilevile. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine kinachoitwa RCD, kinakaa kwenye boksi hilohilo la mein swichi, kikiona umeme unavuja kama miliampia 30 kinakata hapohapo. Nyumba nyingi za zamani hapa Dar hazina. Na kwetu ni muhimu zaidi mana ardhi yetu sehemu nyingi ni mchanga, kiangazi ukikauka rodi inashika vibaya, unakuta ethi ipo ila haina nguvu ya kuangusha breka. Kama unacho, kina kitufe kimeandikwa T, kibonyeze kila mwezi, kisipokata ita fundi akibadilishe.

Tabia nyingine ni ya kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Kwa chaja ya simu au redio ya plastiki sina ugomvi sana, nunua tu adapta nzuri uachane na kalamu. Ila pasi, friji, mashine ya kufulia, birika, hivo vyote vimetengenezwa viwe na ethi, ukikata plagi ukaweka ya pini mbili umeitoa kinga yenyewe.

Mambo mengine ya kuita fundi bila kusubiri mwisho wa mwezi: soketi ikiwa ya moto ukiigusa, harufu ya plastiki kuungua hata kama huoni moshi, breka inayokata hata ukiwa umechomoa kila kitu, na bomba la maji linalotekenya, hasa kama kuna pampu ya kisima. Breka ikikata kila saa usikubali fundi akuwekee kubwa zaidi bila kuangalia waya, mana waya wa milimita 1.5 wa taa ukiuwekea breka ya 32 utaungua ndani ya ukuta breka ikiangalia. Taa zikiwaka kali ghafla halafu zinafifia, zima mein swichi kwanza, inawezekana nyutro, ule waya unaorudisha umeme, imeachia huko kwenye nguzo, hiyo ni ya TANESCO. Kuanzia kwenye mita kuingia ndani ni yako.

Fundi mwenyewe muulize leseni ya EWURA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, usione aibu. Na muangalie anapima na nini, testa ya bisbisi haitoshi kusema ethi ni nzima, ana kifaa cha kupimia ethi au hana? Kama hana tafuta mwingine.

Kwa wapangaji najua ugumu wake, mwenye nyumba anaona unamletea gharama. Kwa mama mdogo walichanga vyumba vyote, rodi mpya, klampu na RCD, halafu wakakatana na mwenye nyumba kwenye kodi. Ila mpaka fundi aje, friza lilizimwa na kuchomolewa, barafu zikayeyuka, na alikubali.

Na ukimkuta mtu amenaswa usimvute kwa mikono, mtakwenda wote. Zima mein swichi, kama huifikii simama sehemu kavu umsukume na mti mkavu au kiti cha plastiki, asipopumua anza kumkandamiza kifua huku mtu mwingine anatafuta gari. Akiamka akasema yuko sawa mpelekeni hospitali vilevile, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadae. Kukiwa na moto piga 114 zimamoto, na usimwage maji kabla umeme haujazimwa.