Bwana, Kama Ungalikuwapo Hapa

Tafakari ya Dominika ya Tano ya Kwaresima, Mwaka A

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Injili ya Dominika hii ni ndefu: Yohane 11:1-45, habari za Lazaro wa Bethania, ndugu yao Martha na Maria, aliyeugua akafa, na Yesu akamfufua. Kitabu cha Masomo kinaruhusu kusoma ile fupi, na kwa masika haya, watu wameloa na vigango vingine vinamsubiri padre huyo huyo, simlaumu anayeichagua. Ila ukisikia ile fupi kanisani, fungua Biblia nyumbani usome yote. Ile fupi inamruka Maria. Martha anabaki na malalamiko yake, lakini dada yake, aliyeanguka miguuni pa Yesu na kusema maneno yale yale, hasikiki. Nami naona jumuiya zetu zinamhitaji sana Maria, maana ni nyumba chache kwetu zisizo na mgonjwa wala kaburi ambalo udongo wake bado haujakaa.

Angalieni kwanza ujumbe waliotuma wale dada wawili: "Bwana, yeye umpendaye hawezi." Basi. Hawakumwambia aje upesi, hawakutaja nadhiri, hawakumkumbusha chakula alichokula kwao. Wanamfahamu, wanaona habari inatosha. Halafu Yohane anaandika jambo ambalo kama kalamu ingekuwa mkononi mwangu ningeliacha. Anasema Yesu aliwapenda wote watatu, kisha anaunganisha papo hapo: basi aliposikia ya kwamba Lazaro hawezi, alikaa siku mbili zaidi pale pale alipokuwa. Anawapenda, na anakawia. Mwinjili hatuombi radhi.

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania siku mbili hizo tunazijua. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili ukimwi ulipita Makete, ukapita Njombe, Kyela na kando ya barabara kuu yote mpaka Tunduma, ukaacha nyumba zenye bibi na wajukuu tu. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Sasa fikirieni akina mama wawili majirani. Mmoja alimzika mwanawe mwaka 2002. Wa pili mwanawe aliugua mwaka 2006, akaandikishwa kliniki, na leo analima viazi, ana mke na watoto, na kwaya ikikosa besi anatafutwa yeye. Akina mama hawa walisali Rozari ile ile, katika jumuiya ile ile, chini ya msimamizi yule yule. Na wala tusiseme ni habari ya zamani: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016-2017 uliikuta Njombe ikiongoza kwa maambukizi, asilimia 11.4 ya watu wazima.

Yule mama wa kwanza tumwambie nini? Kwamba imani ya mwenzake ilikuwa kubwa kuliko yake? Mungu apishe mbali. Kwamba Mungu alikuwa na mpango? Huenda, lakini huo mpango nani alimwonyesha anayeusimulia? Mimi jibu la kumpa kuhusu zile siku mbili sina, na mtu aliye nalo ananitia hofu. Ninachoweza kumwambia ni kuhusu sala yake, ile anayoisali usiku kwa siri na kuona aibu kuiungama: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Imeandikwa. Aya ya 21 inatoka kwa Martha, aya ya 32 inatoka kwa Maria. Yesu ameisikia mara mbili katika siku moja, na hakumkemea hata mmoja wao.

Sisi ndio tunaokemea. Nendeni msiba wowote, Uyole au Mafinga, Tukuyu au Ilula, msikilize. Mfiwa akipandisha sauti tu, kuna mtu amekwisha mshika bega: "Usilie hivyo, mama, unamkufuru Mungu. Kazi ya Mungu haina makosa." Mwingine anaongezea, "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." Maneno ni matakatifu, sikatai. Lakini Ayubu aliyasema mwenyewe kwa kinywa chake, hakusemewa na majirani waliokwisha kula chai wakashiba. Na yule yule Ayubu, ukifika sura ya tatu, anailaani siku aliyozaliwa. Anaendelea kumshitaki Mungu sura baada ya sura, huku rafiki zake wakimtetea Mungu kwa hoja nzuri. Mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu anawakasirikia rafiki, anasema hawakunena sawa juu yake kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Ningependa aya hiyo isomwe kabla kamati ya msiba haijagawana kazi.

Kanisa lenyewe halijaogopa kilio. Kila Ijumaa usiku, mapadre na watawa wanaosali Masifu, zile sala za Kanisa za kila siku, wanakutana katika Sala ya Mwisho, kabla ya kulala, na Zaburi ya 88. Zaburi nyingine za kilio huanza gizani zikaishia kwenye shukrani. Hii haigeuki. Mstari wake wa mwisho unasema kwamba Mungu amewatenga mpenzi na rafiki, na unafungia kwenye giza. Masista wanaisali hivyo ilivyo, wanazima taa, wanalala. Kanisa lingeweza kuiondoa, au kuiweka siku moja tu kwa mwaka, pengine Ijumaa Kuu. Limeiweka kila wiki, kana kwamba linajua kuwa kila wiki kuna mtu mahali fulani ambaye hana maneno mengine.

Turudi Bethania. Malalamiko ni mamoja, majibu ni mawili. Martha amekuja kwa miguu yake, anaongea, anataka kuelewa, Yesu anampa maneno: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Maria ameanguka chini, analia, na waliomfuata wanalia; kwake Yesu hatoi fundisho. Anauliza wamemweka wapi. Analia machozi. Wapendwa, sisi tunaokwenda kufariji huwa tunalibeba jibu la Martha tukampa Maria. Mtu amelala kwenye mkeka hajiwezi, sisi tunamfungulia sura ya ufufuo. Zamu yake itafika, pengine baada ya arobaini, pengine mwakani, naye atauliza mwenyewe. Kwa leo mletee maji ya kunawa uso.

Na Martha naye asidhaniwe kuwa mwepesi wa imani. Katika pumzi ile ile ya kulalamika anasema, "Hata sasa najua ya kuwa yo yote utakayomwomba Mungu, Mungu atakupa." Muda mfupi baadaye amesimama kaburini anazuia jiwe lisiondolewe, maana maiti ananuka, ni siku nne. Ameungama kwamba Yesu ni Kristo, Mwana wa Mungu, na bado anaogopa harufu. Tumaini lake halikuwa kavu wala safi. Lilikuwa na matope miguuni kama mtu yeyote anayetoka shambani mwezi huu wa tatu, na Yesu hakumrudisha akanawe kwanza.

Kuna swali jingine ambalo huku kwetu huja na jeneza, nami nalitaja kwa ufupi kwa sababu halistahili nafasi kubwa: nani amemfanyia? Mgonjwa akikonda, majina ya majirani yanaanza kunong'onwa, na mara nyingi ni bibi fulani mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Mitume nao waliuliza vivyo hivyo walipomwona kipofu katika sura ya tisa ya Injili hii ya Yohane: ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu ama wazazi wake? Yesu akawajibu si yeye wala wazazi wake. Mkatoliki anayetoka Misa ya mazishi akaenda kupiga ramli amemwachia marehemu wake urithi wa uadui, na hakuna Misa ya arobaini itakayousafisha kama yeye mwenyewe hataungama.

Nije kwenye Mpako wa Wagonjwa, kwa sababu hapo ndipo Bwana anapofika mapema nasi tunamfungia mlango. Watu wetu bado wanaita mpako wa mwisho. Padre akionekana anaingia wodini na kichupa cha mafuta, ndugu wanaanza kulia, na mgonjwa mwenyewe anajua amekatiwa tamaa. Ndiyo maana tunamwita usiku wa manane, mgonjwa hasikii tena, hawezi kuungama wala kumeza Komunyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema waziwazi kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho peke yao, na mwaka 1972 Papa Paulo VI akatoa utaratibu mpya wa kuiadhimisha. Katekisimu inaeleza kuwa inafaa kuipokea kabla ya upasuaji mkubwa, na kwa wazee ambao nguvu zao zinapungua. Mtu akipona akaugua tena sana, anapakwa tena. Ugonjwa ukizidi, anapakwa tena. Mtume Yakobo aliandika, "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa." Aite yeye mgonjwa, angali na sauti. Na kwa kuwa siku hizi mjini kwetu kuna mafuta ya kila namna yenye lebo na bei, niseme pia: haya hayauzwi. Askofu huyabariki katika Misa ya Krisma pamoja na mapadre wake wote, na kutoka hapo yanasafiri mpaka kigango cha mwisho huko mlimani, bure.

Wengi wetu tumelala hospitali ya Ikonda, huko Makete, ama kitandani ama kando ya kitanda. Unajua baridi ya huko. Ndugu wa mgonjwa wanakaa na blanketi na chupa ya chai, wametoka Mbeya, Songea, wengine Dar es Salaam, wakisubiri daktari apite asubuhi. Zaburi ya Misa ya leo, ya 130, ni ya watu hao: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi." Hospitali ile ni ya Wamisionari wa Consolata, ambao walifika Iringa mwaka 1919 na kushika Tosamaganga. Mwanzilishi wao, Giuseppe Allamano, padre wa Torino, tangu ujana alikuwa mtu wa afya dhaifu. Januari 1900 aliugua karibu ya kufa. Aliponyanyuka, wazo alilokuwa akiliahirisha hakuliahirisha tena: tarehe 29 Januari 1901 shirika likaanza. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Yeye mwenyewe hakuja Afrika. Mwili haukumruhusu, akawatuma wengine.

Simsimulii ili tuseme kila ugonjwa una faida. Kuna ugonjwa unaochukua tu. Lourdes, Ufaransa, ambako Bikira Maria alimtokea Bernadette mwaka 1858, wagonjwa kutoka pande zote za dunia huoga kwenye maji ya chemchemi, na Kanisa limekubali miujiza ipatayo sabini. Bernadette aliyeifukua chemchemi hiyo kwa mikono yake alikuwa na pumu, kisha kifua kikuu kikaingia kwenye mfupa wa goti. Alikufa mwaka 1879 akiwa na miaka 35. Kwake halikutokea la kuponywa. Hata Lazaro, ambaye katika Injili yote hasemi neno moja, alifufuliwa ili afe tena siku nyingine, na kabla ya hapo makuhani wakuu walikwisha shauriana kumwua. Aliyempa uhai hakumwekea kinga. Alimwendea kaburini, na kwa kumwendea huko ndiko alikopata hukumu yake mwenyewe ya kifo. Soma aya zinazofuata Injili ya leo, Yohane 11, kuanzia ya 46. Bwana aliyekawia siku mbili aliilipia safari hiyo kwa damu yake, na Ijumaa Kuu haiko mbali.

Kwa jumuiya, wiki hii. Zitajeni nyumba ambazo msiba wake umekwisha tangu miezi miwili au mitatu, si zile za jana. Za jana zina watu, unga, kuni na maturubai. Zile nyingine zina mjane anayekula viporo peke yake na ada za shule mezani. Nendeni wawili au watatu, na mzigo wa kuni ukiwezekana, msalimie, mkae.

Majina ya wagonjwa yamfikie katekista kabla ya Dominika ya Matawi. Katika nyumba atakakopita padre, andaeni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na maji ya baraka. Watoto wawepo. Tokeni nje wakati mgonjwa anaungama tu, kisha mrudi wote, maana sala inayofuata inahitaji watu wa kuitikia. Na aliyezidiwa asingoje mafuta mapya ya Misa ya Krisma. Yale ya mwaka jana, yaliyobaki kwenye kichupa, askofu aliyabariki kwa sala ile ile.