Kamba iliyogoma kunitoka kichwani

Jana nimejaribu zoezi la kumbukumbu ambalo mwanasaikolojia James Nairne na wenzake walilichapisha mwaka 2007. Unajiwazia umekwama mbugani ugenini, huna chakula wala maji, wanyama wakali wapo. Kisha unasoma maneno, na kila neno unalipima: litanisaidia kubaki hai?

Nilipofika kwenye "kamba" nilisita. Niliiona kabisa mkononi, nikaifunga kwenye tawi, nikaivuta kuona kama inashika. Baadaye, bila kuchungulia, ndiyo iliyonijia kwanza. Maneno mengine, niliyoyapima kwa jinsi yanavyopendeza tu, yalinitoka upesi.

Nairne anaona tabia hii ya kukumbuka zaidi tunachokipima kwa ajili ya uhai tumeirithi kwa mababu waliopigania uhai. Wengine wanasema ni kwa sababu tunawaza matumizi mengi ya kitu kimoja. Kwa kamba ile, naegemea hao wa pili.