Siku nilipovuka kwenda Chumbe

Usiku, kwetu Chukwani, Unguja, taa ya kutegemea ilikuwa moja tu: ya mnara wa kisiwa cha Chumbe. Umeme ukikatika, na haukuchoka kukatika, ile iko palepale baharini inawaka, inazima. Waingereza waliujenga mnara ule mwaka 1904, kwa hiyo hata babu aliukuta.

Baba alikuwa mvuvi wa madema, ile mitego ya kusuka kwa fito. Kwake habari ya Chumbe ilikwisha kwa neno moja: "Kishauzwa." Hakuwa sahihi sana. Kisiwa ni cha serikali, kampuni imekodishiwa, na mwamba wa matumbawe wa upande wa magharibi ulifungwa rasmi kwa uvuvi mwaka 1994. Lakini kamweleze hayo mtu anayepita na ngalawa yake na haruhusiwi kutega.

Nilipokuwa kidato cha pili, skuli yetu ikapata nafasi ya kupelekwa huko kwa mafunzo, bure. Baba aliitika tu. Mama ndiye aliyeuliza: "Na mtaingia majini na nguo gani?" Jibu lilikuwa, zote. Nilitumbukia na suruali, kanzu na mtandio, na jaketi la kuelea juu yake.

Nimezaliwa mahali ambapo maji yakijaa unayasikia ukiwa kitandani, na sikujua kuogelea. Wenzangu wa kike karibu wote vilevile. Mlinzi aliyetushika, naye alikuwa mvuvi zamani, aliona ninavyong'ang'ania ngazi ya boti. "Tia uso tu majini, mwanangu. Mengine niachie mimi."

Mara ya kwanza nilikunywa maji ya chumvi nikakohoa mpaka machozi. Mara ya pili nikasikia kitu: kr, kr, kr. Nilidhani ni mrija wangu wa kupumulia umepasuka. Kumbe ni samaki, pono, wanatafuna matumbawe, kundi zima, na kila akimaliza mmoja anaacha wingu la mchanga nyuma yake. Chini ya mwamba palikuwa na chewa mkubwa, ametulia, anafungua mdomo na kufumba. Chewa nilikuwa nawajua tangu utotoni, lakini wa ndani ya pakacha, jicho limeshaingia ukungu. Huyu alinigeukia akanitazama, kisha akapuuza.

Nchi kavu tulioneshwa msikiti mdogo wa walinzi wa taa wa zamani, tukapanda mnara, tukaoneshwa na nyumba za wageni. Ziko saba tu, mapaa ya makuti makubwa ajabu. Kisiwa hakina kisima. Mvua inakingwa na paa lilelile, inachujwa, inahifadhiwa kwenye tangi chini ya nyumba. Hayo niliyaandika daftarini. Ambalo halikuhitaji daftari ni choo kisichotumia maji, kinachogeuza kila kitu kuwa mboji. Tulicheka mpaka mwalimu akatutoa nje. Mwenzangu mmoja aliuliza bei ya kulala usiku mmoja. Mlinzi naye akacheka, na bei hakuitaja.

Nilirudi jioni, kanzu imekauka chumvi tupu. Baba alikuwa uani anasuka dema. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikaanza na mnara. Hakuinua uso. Nikaja kwenye choo, akaguna. Nikafika kwenye chewa.

"Mkubwa kiasi gani?"

Nikanyoosha mikono. Akaniangalia kama ninayemuuzia kitu, nikaipunguza kidogo.

"Na wanakaa mulemule tu?"

"Mlinzi kasema wakizidi wanatoka nje ya mpaka, baba. Ndiyo faida yenu."

Akapitisha ufito mmoja, akaukaza. Akapitisha wa pili. Mama akatuita kula na hakuna aliyeondoka.

"Wanatokea upande gani?" akauliza.